Usiuze mpunga kwa ajili ya mashine ya uso

Mavuno yakimalizika katika bonde la Kilombero, fedha huonekana mikononi kwa muda mfupi tu. Ndipo hesabu zilizolala huamka: ada za watoto, bati, deni la dukani. Siku hizi imeongezeka hesabu nyingine, nayo ni ya uso.

Mama mmoja wa Ifakara, aliyelima mpunga tangu usichana wake, aliniuliza kama ni sawa auze magunia yake aende Dar es Salaam, katika kliniki ya urembo wa ngozi, akaondolewe kwa mashine madoa meusi yaliyomjaa mashavuni. Ameambiwa kwamba atarudi na ngozi ya mtoto mchanga.

Sikumcheka. Mtu akiona haya kujitazama kwenye kioo, hilo ni tatizo la kweli. Lakini nilimjibu kuwa asiuze, na sababu zangu ni hizi.

Ifakara iko takriban nyuzi 8 kusini ya Ikweta, hivyo jua letu huwa kali mwaka mzima. Mkulima huwa jarubani tangu kupanda, kupalilia, kuamia ndege hadi kuvuna. Mbali na joto analolihisi, jua lina mionzi isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno. Mionzi hiyo hupenya hata siku ya mawingu, na maji ya majaruba hurudisha sehemu yake usoni. Ngozi hujitetea kwa kutengeneza rangi nyeusi iitwayo melanini. Rangi hiyo ni neema kubwa, kwani hutupunguzia sana hatari ya saratani ya ngozi. Ila ngozi yetu ikichokozwa huzidisha rangi hiyo kwa mabaka. Mimba na vidonge vya uzazi wa mpango navyo huweza kuchochea mabaka hayo.

Sasa tuitazame mashine. Mwanga wa leza inayotumika kuondoa madoa huelekezwa kwenye rangi nyeusi. Kwa mtu mweusi, rangi hiyo imo pia katika ngozi nzima inayolizunguka doa. Akishika mashine asiye na ujuzi, ngozi huungua, na mahali palipoungua hubaki peusi kuliko mwanzo, au hupoteza rangi kabisa. Dawa kali za kuchubua uso zina hatari hiyo hiyo. Sisemi kwamba kliniki zote ni mbaya. Daktari wa ngozi aliyezoea ngozi nyeusi anaweza kusaidia. Lakini hata akifanikiwa, madoa ya aina hii hurudi upesi mtu akirudi juani bila kinga. Na mama huyu mvua zikianza atakuwa jarubani! Magunia yake yatakuwa yamenunua miezi michache tu ya furaha.

Wasioweza kufika Dar es Salaam hukimbilia mkorogo, na hapo ndipo penye msiba mkubwa zaidi. Krimu za magendo zisizo na maelezo ya kueleweka huweza kuwa na zebaki, ambayo hudhuru figo na mtoto aliye tumboni. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu bila daktari huleta weusi wa kibuluu usiotoka kirahisi. Nyingine zina dawa za steroidi, zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta chunusi na michirizi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini mwetu, lakini marufuku hayamsaidii anayeficha kopo chini ya kitanda.

Wengine huuliza hukumu ya dini. Kutibu maradhi na kuondoa kasoro iliyoletwa na jua si sawa na kuichukia rangi aliyokuumbia Allah (SW). Surat Ar-Rum inatutajia tofauti za rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara Zake. Na Surat An-Nahl inahesabu vivuli na nguo zinazotukinga na joto kuwa ni neema. Basi tuanze na neema hizo, ambazo hazihitaji kuuza gunia.

Inapowezekana, kazi ya juani ifanywe alfajiri na jioni, kwani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni mionzi huwa mikali zaidi. Vaa kofia pana ya ukili juu ya mtandio, na nguo ya mikono mirefu iliyofumwa kwa kubanana. Anayeweza kununua losheni ya kukinga jua achague yenye kipimo cha 30 au zaidi, na aipake tena kila baada ya saa mbili. Kwa mwenye mabaka, ile yenye rangi ya kahawia hufaa zaidi, kwa kuwa huzuia pia mwanga unaoonekana. Kuhusu udhu, maji lazima yafike kwenye ngozi. Kwa hiyo tawadha kwanza kisha upake, na ukitaka kutawadha tena osha kwa sabuni losheni inayoacha utando. Doa likizidi kukusumbua, anza na hospitali ya karibu uelekezwe kwa daktari wa ngozi.

Liko jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko mashavu ya mama huyu. Katika bonde hili wapo watoto wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga ile ya melanini, au inayo kidogo sana. Kwao jua si suala la urembo. Huanza na ngozi kukakamaa na vidonda, na mwisho wake huweza kuwa saratani inayoua mtu akiwa bado kijana. Mtoto huyo ndiye hutumwa akaamie ndege mchana kutwa, wakati fedha ya familia inawekwa kwa ajili ya uso wa mtu mzima. Huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC tangu 1992, ilianza kutengenezwa losheni maalumu kwa ajili yao, iitwayo KiliSun. Basi mzazi aulizie hospitalini namna ya kupata losheni ya kinga na tarehe za kliniki za ngozi. Kidonda kisichopona ndani ya mwezi kisipakwe dawa ya kienyeji bali kipelekwe kwa daktari, kwa sababu kikiwahiwa hukatwa na mtu akapona.

Ombi langu kwa wenye nyumba ni hili. Kabla ya kuuza mpunga kwa ajili ya mashine, hesabu kofia ngapi zipo nyumbani kwako. Kama mtoto anayezihitaji kuliko wote hana, anza naye.

Wabillahi tawfiq.