Fokasi Ikigoma, Pima Kabla ya Kununua

Makala iliyodai kwamba kamera ya DSLR inayotoa picha zenye ukungu imekwisha, na dawa yake ni kununua nyingine, inawapotosha vijana wanaoishi kwa picha za harusi.

Si kila ukungu ni kosa la fokasi. Ukipiga kwa 1/30 ya sekunde huku bibi harusi anacheza, tatizo ni kasi ya shata. Swichi ya lenzi nayo huteleza kutoka AF (fokasi ya kamera yenyewe) kwenda MF (fokasi ya mkono) ndani ya mkoba. Na Nikon D3100 au D5300 ikikataa kufokasi kwa lenzi ya zamani ya AF-D, haijaharibika: bodi hizo hazina mota ya fokasi ambayo lenzi hiyo huitegemea.

Kipimo cha kweli ni hiki. Weka kamera kwenye stendi, chagua nukta moja ya katikati, lenga gazeti, fungua tundu la lenzi kabisa. Piga ukichungulia kwenye kitundu cha kutazamia, kisha kwa skrini ya nyuma. Ukichungulia, kioo hupeleka mwanga kwenye sensa ya pekee chini ya bodi. Kwenye skrini, sensa kuu hujipimia yenyewe. Picha ya skrini ikitoka kali na ya kitundu ikafifia, lenzi ni nzima. Kinachohitajika ni marekebisho, ya menyu au ya fundi. Zote zikififia, safisha vigusio vya lenzi kwa kitambaa kikavu, urudie.

Kumshauri mtu anunue kabla hajapima ni kuchezea riziki yake.