Nani Alimpa Burito Uchifu?

Makala zinazotufikia kuhusu Butiama karibu zote huanza kwa maneno yale yale: Mwalimu Nyerere alikuwa mtoto wa chifu wa Wazanaki. Mwandishi akishayasema hayo huyaacha hapo na kuendelea, na msomaji hubaki akimwona mtawala wa enzi na enzi, mwenye kigoda, ngozi ya simba na mrithi aliyezaliwa kurithi. Kila ninapoyafuta maneno hayo, mtu hunipigia simu kuuliza nina ugomvi gani na ukoo wa Mwalimu. Sina ugomvi nao hata kidogo. Ninachokataa ni historia kuwekwa kichwa chini miguu juu, halafu watu wa leo wakaifuata ikiwa imekaa hivyo hivyo. Ndiyo sababu toleo hili lote linahusu vyeo na majina ya heshima katika mkoa wetu wa Mara: nani huyatoa, kwa haki ipi, na anayepewa hudaiwa nini.

Burito, baba yake Mwalimu, aliwekwa kuwa chifu mwaka 1915 na Wajerumani, ambao walitaka mtu mmoja wa kumwita pale walipokuta watu wengi wa kushauriana nao. Waingereza walipoichukua nchi walimkuta, wakamwacha. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ikatungwa sheria ya mamlaka za wenyeji, na uchifu ukawa kazi ya serikali, yenye mshahara, baraza la kuhukumu na daftari la kodi. Burito alifariki mwaka 1942 na kurithiwa na mwanawe, Edward Wanzagi. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika likaifuta sheria iliyowatambua machifu, nchi nzima. Tangu 1915 hadi 1963 ni miaka 48. Mtu aliyebalehe kabla uchifu wa nyumba hiyo haujaanza angeweza, akiwa mzee, kuuona ukifutwa. Tangu ufutwe imepita miaka zaidi ya 60, kwa hiyo umekaa kaburini muda mrefu kuliko uliowahi kuishi.

Kabla ya hapo nani alikuwa mkubwa Butiama? Walikuwa wengi, kila mmoja kwa jambo lake. Wazee wa koo walikuwa na mambo yao, marika yalikuwa na yao, na kwa habari ya mvua, maradhi na nyota ya mtoto, watu walikwenda kwa omugabhu, mpiga ramli. Kuna kisa ambacho ningependa kila anayeandika "mtoto wa chifu" akisome mara mbili. Mtoto aliyezaliwa Aprili 1922 kwa Burito na Mgaya wa Nyang'ombe aliitwa kwanza Mugendi. Jina hilo halikukaa. Omugabhu alishauri mtoto aitwe Kambarage, jina la mzimu wa mvua, na likawa hilo hadi leo. Basi tazama: chifu anayetambuliwa na serikali ya Mwingereza, mtu aliyekuja kuwa na wake 22, hakuwa na kauli ya mwisho juu ya jina la mwanawe wa kumzaa. Kauli ilikuwa kwa mtu ambaye serikali haikumweka na isingeweza kumwondoa. Anayetafuta madaraka ya kweli ya Butiama mwaka 1922 aanzie kwenye nyumba ya mtu huyo, maana barazani kwa chifu atakuta zaidi mambo ya kodi.

Upande wa Bunda na Serengeti, kwa Waikizu, Wanata, Waikoma na Wangoreme, mambo yalikuwa wazi zaidi, kwa sababu huko palikuwa na nyangi. Makala ndefu kuliko zote katika toleo hili inazihusu, na nimeipa kurasa ambazo wengine walizitaka. Nyangi ni madaraja ya uzee. Mtu hakupewa daraja kwa kuzaliwa katika nyumba fulani, wala kwa kupendwa na mgeni mwenye bunduki. Aliyapanda moja baada ya jingine, kwa miaka, na kila daraja lilikuwa na karamu yake. Pombe ilipikwa, mnyama alichinjwa, na wale waliokwisha kulipanda daraja hilo waliketi wakala mali yake watu wakiona. Hao waliokula ndio waliokuwa na haki ya kumkubali awe mwenzao. Aliyefika juu alikuwa ametoa mifugo mingi, na alichobaki nacho ni sauti pale wazee wanapokaa, na kazi isiyokwisha ya kupatanisha watu. Utajiri wake ulikuwa umeliwa ukageuka kuwa sauti.

Sisemi kwamba utaratibu huo ulikuwa wa haki kwa wote. Maskini hakufika mbali, na mwandishi wa makala anaeleza vizuri kijana asiye na ng'ombe alivyobaki chini maisha yake yote. Lakini angalia upande mali ilikoelekea. Mwenye kutaka heshima ndiye aliyetoa, na waliomheshimu ndio waliopokea. Cheo kilimgharimu mwenye cheo. Hilo ndilo nililo nalo moyoni katika toleo hili, na msomaji atanivumilia nikilirudia.

Mwandishi wetu wa Nyamuswa amenipinga humu humu, na sikugusa hata neno lake. Anasema Waikizu walikuwa na watemi kabla Mjerumani hajaonekana, na kwamba Mara si Butiama peke yake. Ni kweli. Simulizi ya Nyakinywa inajulikana: mwanamke aliyetoka Kanadi, Usukumani, akiwa na mvua, akakutana na Isamongo mwenye moto, na maji yakaushinda moto. Utemi wa Ikizu unaanzia hapo, na simulizi zinawataja wanawake mwanzoni mwa mstari wa watemi. Hata hivyo, sioni jinsi jambo hilo linavyomsaidia anayetafuta chifu wa mtindo wa bomani. Utemi ule ulisimama juu ya mvua. Mtemi alitakiwa kuleta kitu ambacho kila mtu angekiona kwa macho shambani mwake, na wenye nyangi walikuwapo pembeni yake na mambo yao. Serikali ya kikoloni ilipomgeuza mtemi kuwa mkusanya kodi, ilimwondolea kipimo hicho na kumpa kingine: fedha alizopeleka Musoma. Ningependa ndugu yangu wa Nyamuswa atuandikie tena, safari hii kuhusu nini kiliwapata wanawake katika mstari ule.

Kwa nini mambo ya zamani hivyo yanichome? Kwa sababu vyeo hivi vinarudi, na vinarudi kwa sura ya bomani. Tarehe 8 Septemba 2021, huko Kisesa, Magu, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan na kumpa jina la Hangaya. Wasukuma wana utemi wa karne nyingi, nao watajibishana wenyewe juu ya nani anaweza kusimikwa na kwa nini. Mimi nasema ya kwetu. Huku kwetu pia hamu ya kusimika imekua. Kiongozi anakuja kwa ziara ya siku moja, anavalishwa mgolole, anakabidhiwa mkuki na kigoda, vigelegele vinapigwa, na kabla gari halijaondoka ameshaitwa mzee wa kabila. Hajachinja, hajapika pombe, hajakaa hata mara moja kwenye kesi ya mpaka wa shamba. Wazee wetu wanatoa kitu ambacho babu zao hawakuwa nacho, na wanaacha kile walichokuwa nacho. Mali nayo imegeuza njia: anayepewa cheo ndiye anayetazamiwa kuacha bahasha, kisima au ahadi ya barabara, na hiyo ni bei ya ununuzi. Karamu ya nyangi ililiwa na wenzake waliomjua tangu utoto. Bahasha hupokewa na watu watakaomsahau mwingine akija na nene zaidi.

Husemwa pia, na makala moja humu inasema, kwamba Mwalimu aliua mila mwaka 1963. Sikubaliani. Sheria ile ilimwondolea uchifu kaka yake mwenyewe, Wanzagi, na sijui ni wanasiasa wangapi wa leo wangeanzia nyumbani kwao namna hiyo. Iliondoa kile serikali ilichokuwa imekiweka au kukigeuza, basi. Watu hawakuacha kumwita Adam Sapi Mkwawa chifu alipokuwa Spika wa Bunge, wala Abdallah Fundikira, kwa sababu heshima hiyo haikutoka kwenye daftari la mishahara. Na nyangi hazikutajwa katika sheria hata kidogo. Zilififia kwa shule, kwa kanisa, kwa kuhamia vijijini miaka ya 1970, na kwa vijana waliouza ng'ombe kulipa ada badala ya kuwachinja. Anayetaka kumlaumu Nyerere kwa kifo cha nyangi atalazimika kulilaumu darasa la Mwisenge alikosomea.

Nije kwenye udaktari wa heshima, ambao umetuletea barua nyingi kuliko jambo jingine. Chuo Kikuu cha Edinburgh, kilichompa Nyerere shahada ya M.A. mwaka 1952, kilimtunuku udaktari wa heshima wa sheria mwaka 1962. Mwaka uliofuata akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na tangu 1970 wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo shahada alizipokea, na alizitunuku yeye mwenyewe mbele ya wahitimu. Magazeti ya nje yalimwandika Dkt. Nyerere. Nyumbani aliitwa Mwalimu. Kazi ya kufundisha, Tabora na baadaye Pugu, aliiacha mwaka 1955, na jina likabaki naye miaka 44 iliyofuata. Waasisi wetu wawili, yeye na Karume, wana sheria ya kuwaenzi tangu 2004, na ni jambo jema. Lakini jina la Mwalimu halina sheria, halina tarehe ya kutunukiwa wala aliyelitunuku. Hakuna awezaye kulivua, kwa kuwa hakuna ofisi iliyolitoa.

Chuo kikuu cha kweli kikimtunuku mtu shahada ya heshima, kinasema neno juu ya kazi yake, na neno hilo lina uzito wake siku ile, ukumbini pale. Lakini mtu akiibeba Dkt. kutoka ukumbini akaipachika kwenye bango la kampeni, amechukua heshima ya wale walioketi miaka maktabani na maabarani kuipata. Na wako wanaoipata kwa taasisi zisizo na mwanafunzi hata mmoja, kwa ada. Hao wanajua wanachofanya. Nawasikitikia zaidi washereheshaji na watangazaji wanaoitamka Dkt. hiyo bila kuuliza, kwa sababu wao ndio wanaoifanya isadikike.

Jimbo Katoliki la Musoma limetuonyesha njia nyingine. Kanisa husubiri miaka mitano baada ya kifo kabla ya kuanza kuchunguza kama mtu anastahili kutangazwa mtakatifu, na Mwalimu aliyefariki Oktoba 1999 aliitwa Mtumishi wa Mungu mwaka 2005, mchakato ulipofunguliwa. Tangu hapo ni kukusanya maandishi yake, kuhoji waliomjua, kusikiliza na wenye la kumpinga. Kila tarehe 1 Juni mahujaji humwombea Namugongo, Uganda, ilhali wanaohusika na faili hawaharakishwi na umati. Padri aliyetuandikia analalamika kwamba kazi inakwenda polepole mno. Mimi naona ni utaratibu pekee katika nchi hii ambamo mtu hawezi kupewa jina kubwa kabla watu hawajaruhusiwa kusema mabaya yake.

Makala kuhusu nyumba ntobhu, na nani huitwa baba katika nyumba ambayo mwanamke ameoa mwanamke, ingestahili toleo lake, na italipata. Utamkuta pia Jaji Warioba wa Bunda: alikuwa Waziri Mkuu miaka mitano, tangu 1985 hadi 1990, akawa jaji wa mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari miaka mitatu, na wananchi wakachagua kumwita Jaji. Makala ya "Ndugu" ya enzi za TANU ni nzuri na inajitosheleza.

Kuanzia toleo hili tumeamua hivi. Hatutaandika Dkt. mbele ya jina la mtu kwa shahada ya heshima, awe nani. Tutaandika chifu kwa aliyeshika wadhifa huo hadi 1963, tukisema aliwekwa lini na nani. Aliyesimikwa baada ya hapo tutamtaja kwa jina lake, na tutaeleza sherehe ilivyokuwa na waliokuwapo. Kwa wazee, tutaandika mzee.

Na ninaomba jambo moja. Wako bado, Nata, Ikoma, Ikizu na kwingineko, wazee waliopanda nyangi au waliowaona baba na mama zao wakizipanda. Aliye karibu nao akae nao, aandike: daraja gani, mwaka gani, kilichinjwa nini, pombe ilipikwa na nani, nani waliketi kula, na mzee aliitwa kuamua kesi gani baada ya hapo. Kurasa za toleo lijalo nimezitenga kwa ajili hiyo, na makala yoyote itakayofunguliwa kwa mtoto wa chifu nitairudisha kwa mwenyewe.