Mashine Inanguruma, Unga Uko Wapi?

Wadau, nimerudi mjini salama. Nilikuwa Zombo, kule Kilosa, kufuatilia habari ya bei ya mahindi. Siku ya kuondoka sina kitu kwenye simu, na kijana wa bodaboda wa kunifikisha Mikumi ananisubiri. Nikahamisha shilingi 50,000 kutoka akaunti ya benki kwenda kwenye simu. Benki zikakatwa. Kwenye simu, kimya. Jibu pekee: "Ombi lako linashughulikiwa."

Linashughulikiwa na nani? Limefika wapi? Nikangoja robo saa, uvumilivu ukanishinda, nikarudia. Usiku, tukiwa tumeshafika Mikumi, zikaingia zote mbili.

Kwa lugha rahisi, ni hivi. Ukituma ombi, mara nyingi seva haikungoji mpaka kazi iishe. Inalipokea, inaliweka kwenye foleni, kisha mfanyakazi wa nyuma ya pazia, ambaye mafundi wa programu humwita "uzi", analichukua. Utaratibu huo hauna ubaya. Hata HTTP, lugha ambayo tovuti huzungumza, tangu toleo lake la 1996 ina jibu namba 202: nimepokea, sijamaliza. Ubaya ni huduma kuishia hapo na kufunga mdomo.

Jirani na nilipolala palikuwa na mashine ya kusaga. Mteja anaona ndoo yake iko ya ngapi. Anasikia mashine ikinguruma. Lakini ngurumo si unga: mkanda ukikatika, mota inaendelea kulia na hakuna kinachosagika. Uzi nao ni vivyo hivyo. Unaweza kuwa hai huku umekwama, unangoja jibu la mtandao mwingine.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, namba ya ombi. Pili, hatua lilipo: limepokelewa, liko foleni, linafanyiwa kazi, limekamilika, au limeshindikana na kwa nini. Tatu, saa ambayo lilisogea mara ya mwisho, maana hiyo ndiyo inayofichua mkanda uliokatika. Na nikirudia kwa namba ileile, seva itambue kuwa ni ombi lilelile, isikate pesa mara ya pili.

Rafiki yangu mmoja fundi alinipinga: mkionyeshwa ya ndani, wezi watapata ramani. Hapana, kaka. Sihitaji jina la seva wala idadi ya nyuzi zenu. Nataka hali ya ombi langu, na nionyeshwe mimi peke yangu. Akasema tena kwamba wateja wataulizia kila sekunde na seva itazidiwa. Basi tumeni ujumbe mfupi kila hatua inapobadilika. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu 2008, ule ujumbe wenye namba ya muamala ulichangia sana kumfanya mtu wa kawaida aiamini. Hakuhitaji hata intaneti.

Mimi niliishia kuchelewa tu. Mama lishe ambaye hiyo 50,000 ndiyo mtaji wa kesho, usiku mzima halali. Kumwambia ukweli kuhusu pesa yake si hisani, ni sehemu ya huduma anayolipia.

Naomba kutoa hoja. Wewe mdau, uliambiwa "linashughulikiwa" ukangoja muda gani?