Fomu za Zege Zichaguliwe kwa Hesabu

Jengo likishapakwa rangi, hakuna anayeuliza zege lake lilimwagwa ndani ya nini. Mbao zimeng'olewa, mirunda imepakiwa garini. Hata hivyo, fomu, yaani maboksi hayo ya kumwagia zege, na kazi ya kuzifunga mara nyingi humeza theluthi au zaidi ya gharama ya zege lote, nasi bado twazichagua kwa mazoea. Ndugu zangu makandarasi, tuache mtindo huu.

Tazameni uzito wenyewe. Mita moja ya ujazo ya zege bichi ina kilo 2,400 hivi. Nguzo ya mita 3 ikimwagwa kwa mkupuo mmoja, zege la chini husukuma ubavu wa boksi kwa takriban tani 7 kwa kila mita ya mraba. Hapo ndipo kona hufunguka na uji wa saruji ukavuja. Fomu ikivuliwa, nguzo ina matundu na nondo zaonekana. Wengi huyafunika kwa plasta. Hiyo ni hatari!

Tarehe 27 Aprili 1978, huko Willow Island, West Virginia, Marekani, wafanyakazi 51 walikufa wakijenga mnara wa kupozea maji. Fomu na jukwaa lao vilishikizwa kwenye zege lililomwagwa jana yake, nalo lilikuwa halijakomaa. Kumbe anayechagua fomu huchagua pia ratiba, na maisha ya watu.

Basi tupime. Tuseme plaiwudi ni shilingi milioni 10 na yafaa mara 5, nazo fomu za alumini ni milioni 90 na zafaa mara 200. Kila mwago, plaiwudi ni milioni 2, alumini laki 4 na nusu. Alumini imeshinda? Kwa nyumba mia za ramani moja, naam. Kwa jengo moja la ghorofa 4, ni kufukia mtaji.

Tena bei si kigezo pekee: kuna muda, winchi, ujuzi wa mafundi, usalama. Mwanahisabati Thomas Saaty alibuni miaka ya 1970 mbinu ya kulinganisha vigezo viwili viwili, kwa alama 1 hadi 9. Ukisema bei yazidi muda, muda wazidi usalama, kisha usalama wazidi bei, hesabu itakuumbua kwamba unajipinga. Leo programu ya kawaida ya majedwali kwenye kompyuta yatosha kuifanya.

Lakini kompyuta haijui kama fundi wako amewahi kufunga fomu za chuma. Alama hizo zipangwe na mhandisi, mkadiriaji na fundi mkuu wakiwa meza moja, kabla ya kuagiza hata ubao mmoja. Nanyi wenye majengo, mnapopokea zabuni, daini karatasi ya hesabu hiyo pamoja na ramani. Asiyekuwa nayo msimpe kazi.