Uhalisia wa Runinga: Nani Atautayarisha?

Katika mihadhara ya fasihi tumezoea kulitamka neno uhalisia kwa heshima, lakini neno hilo hilo likiambatanishwa na runinga, wengi wetu hucheka. Nilipomdokezea mwanachama mwenzetu kwamba nikihitimu natamani kurudi kwetu Bulla Pesa, mjini Isiolo, nikatayarishe vipindi vya maisha halisi, alinisihi nisiitupe shahada ya Kiswahili jalalani. Sikubaliani naye.

Dharau hiyo ina asili yake. Mwaka 2003 Big Brother Africa iliwakusanya vijana wa nchi 12 katika nyumba moja Afrika Kusini, kwa mtindo ulioasisiwa Uholanzi mwaka 1999 na John de Mol, na Kiingereza kikatawala humo. Mtazamaji wa kwetu alijiona mgeni. Lakini mwaka 2009 Masoud Kipanya, mchoraji katuni na mtangazaji wa Tanzania, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Maisha Plus. Washiriki hawakupewa jumba la fahari bali kijiji, wakaishi humo maisha ya shamba na kugombana na kupatana kwa Kiswahili. Baadaye wanawake wakulima wa shindano la Mama Shujaa wa Chakula, lililoendeshwa na Oxfam, nao wakaingia kijijini. Naamini katuni ndiyo iliyomfunza Kipanya kazi hii, kwani mchoraji hana nafasi ya maneno mengi. Hana budi kuchagua tukio moja liyabebe yote.

Kuchagua huko ndiko kunakonikosesha usingizi. Kamera hunasa saa nyingi, mtazamaji huonyeshwa dakika chache, na anayekata ndiye msimulizi. Kwetu Mborana, Msomali, Mturkana, Mmeru na Msamburu hupatana bei kwa Kiswahili, tena Kiswahili ambacho mwalimu wa sarufi angekijaza wino mwekundu. Akina mama wa Isiolo hupokea maziwa ya ngamia kutoka malishoni, huyanusa na kuyaonja, kisha huyawahisha kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi, kabla joto halijayaharibu. Je, hapo hamna taharuki? Lakini tunapoonekana runingani, aghalabu ni kwa sababu ya ukame au wizi wa mifugo.

Najua pingamizi: vipindi hivi huhitaji wafadhili, na baadhi ya wafadhili hupenda machozi. Ni kweli, wala sina jibu kamili. Hata hivyo, mtayarishaji asiyeielewa lugha ya mama muuza maziwa ataukata utani wake akidhani ni matusi, na kulibakiza chozi lake kwa kuwa chozi halihitaji mkalimani. Aliyesomea isimujamii hatakosea hivyo kwa urahisi. Tayari kozi ya fasihi simulizi hututuma nyanjani na vinasa sauti. Idara na ituongezee kamera. Mimi nitaanza na jirani yetu mmoja wa Bulla Pesa, ambaye amekwisha kuniuliza kama atalipwa.