MAJI YA MTAA NA MOTA YA MTU MMOJA



Karatasi yetu hii imezoea kuzungumzia mambo makubwa: kura, daftari la wapiga kura, katiba na haki za raia. Mambo hayo yana wenyewe wanaoyajua zaidi kuliko mimi, nami nawaachia. Leo naomba nafasi niseme juu ya jambo linaloonekana dogo, walakin ndilo linalozungumzwa kila alfajiri kwenye baraza ya duka langu kabla ya mkate kufika. Jambo lenyewe ni maji ya mfereji, namna yanavyokuja, na namna yanavyoishia njiani kabla ya kumfikia kila mtu.

Katika mitaa isiyo michache ya Ng'ambo maji huja kwa zamu, na zamu yenyewe aghlabu ni ya usiku. Mtaani kwetu huja baina ya saa saba na saa kumi za usiku, tena si kila siku, wala hakuna anayetwambia ni siku gani. Anayeyangojea ni mama wa nyumba na binti yake. Hulala nusu usingizi, sikio likiwa kwenye ndoo iliyowekwa chini ya mfereji, ili tone la kwanza likigonga waamke. Binti huyo anatakiwa skuli asubuhi na chuoni alasiri. Mwalimu humwona anasinzia akadhani ni mvivu, ilhali ameshafanya kazi ya mtu mzima kabla ya adhana ya alfajiri.

Taabu hiyo tungeweza kuistahamilia lau ingekuwa sawa kwetu sote. Iliyozidisha uchungu ni mota.

Asiyejua kazi ya mota na aelewe hivi. Bomba la mtaa ni moja, na nyumba zote huchota humo mfano wa watu wanaokula sinia moja. Tulipokuwa watoto tulifunzwa chuoni kwamba anayekula sinia na wenzake hula mbele yake. Mwenye mota iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba amenyoosha mkono akalivuta sinia lote upande wake. Maji yakija na nguvu ndogo, mashine yake huyanyonya yote yaliyomo, na nyumba zilizo mbele hupata pumzi tu. Mfereji hukoroma, ukatema matone mawili, ukanyamaza. Jirani wa pili akiona hivyo naye hununua mota, ya tatu hufuata, na mwisho wake kila mwenye uwezo ananyonya kwa nguvu na asiye na uwezo hubaki na ndoo yake kavu. Maji hayakuongezeka hata dumu moja. Kilichoongezeka ni bili ya umeme na chuki.

Tena madhara hayaishii kwenye uchache wa maji. Mabomba yetu mengi ni ya zamani, yana nyufa, na mengine yamepita ndani ya mitaro ya maji machafu. Bomba likiwa limejaa maji yenye nguvu, ufa hutoa maji nje. Likinyonywa na mota mpaka likawa tupu, ufa uleule huvuta ndani kilicho nje, na kilicho nje tunakijua sote. Unguja imeonja kipindupindu tangu zamani, na mara nyingine maradhi hayo yameturudia, kama ilivyokuwa mwaka 2015 na 2016. Kwa hiyo mwenye mota asidhani kwamba anajivutia maji matupu. Yamkini anavuta pamoja nayo maradhi, akayatia katika tangi lake mwenyewe na kumnywesha mwanawe.

Lililo chungu zaidi ni biashara iliyozaliwa hapo. Wako waliovuta maji usiku wakayauza mchana, kwa dumu, kwa walewale majirani ambao mifereji yao ilikauka kwa sababu hiyo. Mimi ni mtu wa duka, nazijua hesabu ndogondogo. Tuchukulie nyumba yenye watu wanane ikatumia madumu manane ya lita 20 kwa siku, yaani lita 160 kwa kupika, kuoga, kufua na kutawadha, jambo ambalo si israfu hata kidogo. Tuseme dumu ni shilingi 200. Hizo ni shilingi 1,600 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 48,000. Mtu huyo anauziwa maji yaliyokuwa njiani kumfikia. Fedha hizo zingenunua mchele, daftari za watoto na dawa ya mzee. Badala yake huja dukani kukopa vitu hivyo, na jina lake likaandikwa katika daftari la madeni, mwezi baada ya mwezi.

Wazee wetu hawakuishi hivi. Seyyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, aliyaleta maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu kwa mabomba mpaka mjini, na watu wanamkumbuka kwa jambo hilo hata waliosahau mengine yake. Kwa wengi wa ng'ambo hii ya pwani, zama ambazo baina yetu na Mji Mkongwe palikuwa na maji ya bahari na daraja, maji yalikuwa ni ya visima. Mpaka leo tunao mtaa unaoitwa Kisimamajongoo. Mtu aliyejaaliwa akichimba kisima, aliona ni sadaka itakayomfuata kaburini, akakiacha wazi kwa mpita njia. Dini yetu imetufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, na hata mchuzi tumeagizwa tuuongeze maji ili jirani naye apate. Jee, huyo jirani ataongeza maji gani katika mchuzi, ikiwa mfereji wake tumeunyonya?

Sasa nafika kwenye neno nililolikusudia hasa, nalo ni neno la siasa ijapokuwa limevaa nguo za ndoo na dumu.

Kila mota inayofungwa mtaani huondoa ulimi mmoja katika malalamiko. Tazameni ni nani anayefunga mota: ni mwenye kazi nzuri, mwenye duka kubwa, mwenye ndugu nje anayempelekea fedha, mwenye kujuana na wakubwa. Huyo ndiye ambaye akienda ofisini hupewa kiti, na akiandika barua hujibiwa. Siku tangi lake lilipojaa, hamu yake ya kulalamika ilikwisha. Foleni ya ndoo imebaki na mjane, mchukuzi, mama ntilie na mpangaji wa chumba kimoja, watu ambao wakienda ofisini huambiwa waje kesho. Wakubwa wa kazi hawana haja ya kutunyamazisha, maana wenye sauti miongoni mwetu wameshajinyamazisha kwa fedha zao wenyewe. Basi mwenye mota amepata maji akapoteza ulimi, na hasara ya ulimi wake tunailipa sisi sote.

Ushahidi wa haya tunao katika maisha yetu wenyewe. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulizimika kisiwani kwa karibu mwezi mzima, na mwezi wa Disemba 2009 ukazimika tena mpaka Machi 2010. Pampu za visima vya serikali zilisimama, na mota za majumbani zikanyamaza pamoja nazo. Watu walirejea kwenye visima vya kamba na ndoo, na anayevaa suti na anayevaa kikoi wakakutana kisimani. Taabu ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa ya wote, na kwa hivyo mazungumzo yalikuwa ya wote. Msikitini, sokoni Darajani, vibarazani na maofisini, lugha ilikuwa moja. Mwaka 2013 waya mpya wa umeme kutoka bara ukaanza kazi kwa msaada wa Marekani. Sisemi kwamba kelele zetu ndizo zilizoulaza waya ule chini ya bahari. Nasema kwamba hakuna aliyethubutu kutwambia hakuna tatizo, kwani hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa pembeni.

Na nyuma zaidi ya hapo, katika mwaka 1928, wapangaji wa viwanja wa Ng'ambo waligoma kwa pamoja kulipa kodi ya ardhi waliyojengea nyumba zao, mpaka serikali ya Kiingereza ikalazimika kutia mkono katika kodi ile. Lau kila mwenye uwezo katika wao angekwenda kimyakimya kupatana na mwenye kiwanja chake, mgomo ule usingesimama hata wiki moja.

Nitakuwa si mwenye insafu nisipomsikiliza mwenye mota. Atasema: nina mgonjwa ndani, nina wageni, au nakaa juu na maji hayapandi. Ni kweli. Wakaao katika maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa kwa ramani za Wajerumani wa Mashariki, wanajua kwamba maji yasiyo na nguvu hayapandi ngazi. Hakuna anayemtaka mgonjwa abebewe ndoo mpaka ghorofa ya tano. Lakini fundi mfereji yeyote mwenye kuijua kazi yake atakwambia kwamba dawa ipo. Weka tangi au birika chini, maji yaingie humo kwa nguvu zake yenyewe kama yanavyoingia kwa jirani, kisha mota iyatoe katika birika na kuyapandisha juu. Hapo unatumia mashine juu ya fungu lako, na mwenzako analipata lake. Tofauti baina ya haki na dhulma katika jambo hili ni tangi moja la chini na vipande vichache vya bomba.

Na kwa wanaohusika na kugawa maji, hatuombi fadhila. Raia anayeletewa bili ana haki ya kuuliza anachokilipia. Tunataka zamu ya maji iandikwe na kubandikwa mahali pa wazi, tujue ni siku gani na saa gani, ili mama alale usiku usio wake. Tunataka bomba linalovuja lizibwe; kuna mahali maji safi yamekuwa yakitiririka mtaroni mpaka watoto wamepafanya pa kuchezea, hali nyumba ya tatu kutoka hapo haina ya kupikia uji. Tunataka mota ifungwayo kwenye bomba izuiliwe kwa watu wote, kuanzia nyumba za wakubwa. Sheria ikianza kwa mnyonge haitafika kwa mwenye nguvu.

Hayo ni ya wao. Ya kwetu ni haya, na hapa nawaomba mnisamehe kwa ukali wangu. Wamo katika wanachama wetu, na katika wanaokaa meza ya mbele mikutanoni, ambao mota zao zinanguruma kila usiku wa zamu. Mchana tunasimama jukwaani tukidai mgawanyo wa haki wa mali ya nchi, na usiku tunamnyang'anya jirani ndoo yake. Watu si vipofu. Mama aliyekesha bila ya kupata tone anamjua mwenye mota kwa jina na kwa chama. Tukimwendea kumwomba kura yake atatusikiliza kwa adabu, kisha atatupima kwa mfereji wake, na kipimo hicho hakidanganyi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo natoa shauri kwa kila tawi la mjini. Kabla ya mkutano ujao, viongozi wa tawi wapite nyumba za wanachama wenye mota, kwa salamu na kwa wema, wawaombe wazitoe kwenye bomba na kuzipeleka kwenye tangi la chini. Asiyekuwa na uwezo wa kununua tangi achangiwe, kama tunavyochangiana harusi na maziko. Mwenye kisima ndani ya ua wake atoe mfereji mmoja nje kwa ajili ya mtaa, na kisima kilicho karibu na choo kisitumiwe kwa kunywa mpaka maji yachemshwe. Kisha tuandike barua moja kwa wahusika, itiwe saini na mtaa mzima, wenye matangi na wenye ndoo, wa chama hiki na wa kile, maana kiu haina kadi. Barua hiyo ipelekwe na watu wawili: mmoja wa wale wanaopewa kiti, na mmoja wa wale wanaoambiwa waje kesho. Waingie mlango mmoja na wangoje jibu moja.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, walisema waliotutangulia. Lakini wao walikuwa nayo maji ya kutia. Sisi tukiendelea hivi, wembe utatufika na vichwa vikavu.

Wabillahi tawfiq.

Muuza Duka, Ng'ambo