Anayeomba Basari Naye Ana Haki ya Kusema

Tangu Rais William Ruto alipotia saini marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mtandao mwezi Oktoba 2025, ubishi haujaisha, na huku Ukambani nako umefika. Wako wanaosema uhuru wa kusema umetiwa kitanzi. Wako wanaowajibu kwamba Mkenya hajapata kusema atakavyo kama siku hizi: fungua redio ya Kikamba asubuhi yoyote, usikie watu wa Mutomo na Kibwezi wakimkosoa gavana, mbunge na Rais mwenyewe, kisha wakaendelea na kazi zao.

Hawa wa pili siwapuuzi. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inampa kila mtu haki ya kutoa maoni, na mahakama zetu zimeilinda haki hiyo mara kadhaa. Februari 2017 Mahakama Kuu iliondoa kosa la jinai la kumchafulia mtu jina. Hata marekebisho ya juzi hayakumaliza wiki mbili kabla ya mahakama hiyo kusimamisha baadhi ya vipengele vyake. Tena wana haki kutukumbusha kwamba ulimi umewahi kutuponza. Kifungu hicho hicho cha 33 hakimlindi mchochezi wala mwenye matamshi ya chuki, na hakuna aliyeyaona machafuko ya baada ya uchaguzi mwaka 2007 na 2008 atakayeuliza kwa nini.

Lakini Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni juu ya ofisa mkubwa wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na kesho yake alikuwa maiti, akiwa mikononi mwa polisi. Baada ya jambo kama hilo, mzazi wa Zombe au Kathonzweni ana haja gani ya kusomewa vifungu vya Katiba? Atamwambia mwanawe afute alichoandika. Anayesema hakuna tishio na amweleze mzazi huyo ana kwa ana.

Hata hivyo, ndugu zangu wa Kitui na Makueni, naona ubishi wetu unaitazama Nairobi mno. Sheria ya mtandao humtisha mwenye simu na wasomaji wake. Iko hofu nyingine ambayo haijaandikwa katika sheria yoyote. Mtazameni mama aliyeketi nyuma kabisa barazani. Ana mtoto wa sekondari, na karo anaitegemea basari. Mvua ikikosekana, jina lake huingia katika orodha ya chakula cha msaada, na orodha hiyo hupitia kwa mzee wa kijiji na naibu wa chifu. Analijua bomba la maji lililozinduliwa kwa ngoma na halijatoa tone. Anajua na aliyepewa kazi ile. Lakini aliyepewa ni jamaa wa mtu mwenye kauli juu ya basari. Basi ananyamaza, na nyumbani anawafunza watoto kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu.

Mama huyu hajakamatwa na mtu. Hana mashtaka ya kupinga, hana hakimu wa kumwendea, wala hakuna wakili atakayemtetea, kwa kuwa hakuna kesi. Ndiyo maana nasema yeye ndiye kipimo. Uhuru wa kusema tuupime kwa mtu anayehitaji kitu kutoka kwa yule anayemkosoa. Msomi mwenye mshahara wake Nairobi akisema, hiyo ni haki yake, lakini haitupi habari za Tseikuru.

Makueni ilianza vizuri. Gavana wake wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, alikuwa miongoni mwa waliodai mabadiliko ya Katiba miaka ya tisini, wakati mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali. Alipoingia Wote, makao makuu ya kaunti, aliweka utaratibu wa wananchi kuamua miradi kuanzia kijijini hadi kaunti nzima, na wageni wakaja kujifunza. Vita vyake na bunge la kaunti vilipofikia risasi kufyatuliwa Septemba 2014, wananchi walitia saini kuomba kaunti ivunjwe, na tume ya Mohammed Nyaoga ikaja kuwasikiliza. Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuivunja mwaka 2015. Lakini watu walisema mchana, mbele ya wakubwa wao.

Walisema kwa kuwa walisema wengi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1938 pia, serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo. Muindi Mbingu na maelfu ya wenzake kutoka wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, walikwenda Nairobi wakapiga kambi kumdai Gavana majibu. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini kunyang'anywa ng'ombe kulikoma.

Basi vijana, acheni matusi ya mtandaoni. Tusi juu ya mama wa mheshimiwa halimpi mtu maji, bali humpa mheshimiwa sababu ya kuita polisi. Wazee, msimwache mjane mmoja asimame peke yake kuuliza habari za bomba. Simameni naye kumi. Machifu, kijana akiandika kwamba barabara ni mbovu, msimwite ofisini. Nendeni mkaitazame barabara.

Na ninyi wawakilishi wa wadi, kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Bandikeni ukutani vigezo vya basari, idadi ya walioomba na sababu za kukataliwa, na kazi ya kuchagua muwaachie watu ambao hawatafuti kura. Fanyeni hivyo kabla ya muhula ujao kufunguliwa.